Kupokezana chaki katika darasa lililojaa

Mwalimu mwenzangu, uliuliza ni mchezo gani wa kuzidisha unaofaa darasa lako la nne, lenye wanafunzi zaidi ya 60 na madawati yasiyosogezeka; ningekushauri mchezo wa kupokezana chaki. Kila safu ya madawati iwe timu moja. Mwanafunzi wa mbele huenda ubaoni, huandika jibu la swali lake, kwa mfano 7 × 8, kisha humkabidhi chaki anayemfuata, ambaye anaruhusiwa kusahihisha kosa la mwenzake kabla ya kujibu swali lake. Ruhusa hiyo ndiyo kiini cha mchezo, kwa sababu timu nzima hulazimika kuufuatilia ubao badala ya kukaa tu ikisubiri zamu. Mikoba iondolewe njiani. Alama zitolewe kwa usahihi kwanza, kasi baadaye, la sivyo wanaoandika polepole watalaumiwa na wenzao.