Shangazi, Mume Wangu Hakulia Mamake Alipokufa

Assalamu alaykum Shangazi. Nina miaka 31, naishi Malindi, nina watoto wawili. Mume wangu ni mvuvi, Mbajuni wa Lamu. Tangu anioe hajapata kunitamkia kuwa ananipenda. Mamake alipofariki msimu wa kusi hakudondosha chozi. Alipokea watu, akagawa kahawa, matanga yalipokwisha akarudi baharini. Usiku huniacha kitandani akakaa barazani hadi adhana ya alfajiri. Leso kuukuu ya mamake ameiweka kwenye kikapu cha mishipi, nikitaka kuifua anakuwa mkali. Mimi nafanya kazi kwa Mtaliano. Yule bwana humkumbatia mkewe mbele yetu, na mbwa wao alipokufa alilia kwikwi. Wangu ni jiwe. Nilimwona akilia mara moja tu, mwaka juzi, mwenzake alipozama, nikamwambia mwanamume mzima halii mbele ya watoto. Hata nilipopasuliwa hakusema kitu, aliuza mashine ya boti akalipa, basi. Dada zangu wanasema niende kwa kadhi nikadai talaka. Nifanyeje?
Mke wa Jiwe, Malindi

Waalaykum salaam, mwanangu. Pole. Kulala na mtu usiyejua lililo moyoni mwake kunachosha. Pole hiyo itoshe, sasa tusemezane ukweli.

Katika barua yako kuna sentensi umeipita mbio, nami hapo ndipo niliposimama. Mumeo alilia. Rafiki yake amezama, amerudi nyumbani kwake, kwa mkewe, machozi yakamtoka. Wewe ukamwambia mwanamume mzima halii. Mamake alipokufa akafanya vile vile ulivyomfunza, na leo unamshtaki kwangu kwa kutii. Huyo si jiwe. Huyo ni mtu aliyefunga mlango kwa sababu uliubamiza wewe.

Wala si wewe peke yako. Mtoto wa kiume akijikwaa ukutani tunamwambia nyamaza, wewe mwanamume. Wabukusu kule magharibi humpaka kijana tope akasimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, na ukoo mzima unamtazama. Sisi hatupaki tope, lakini tunamtazama vile vile. Halafu akishaoa tunataka awe na machozi tayari tayari, siku tutakayoyahitaji.

Turudi kwa ile leso. Mwanangu, ile leso ina harufu ya mamake. Ukiitia sabuni ndiyo basi, hataipata tena duniani. Mtu asiyehisi kitu angebeba leso ya marehemu baharini, ndani ya kikapu chake cha mishipi, mahali pasipofika mkono wa mwingine? Na huko barazani usiku unadhani anahesabu nyota? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Matanga unayoyatafuta ndiyo hayo, anayakaa peke yake kwa kuwa ndani hakuna wa kuyakaa naye.

Na ile mashine ya boti umeitaja kisha ukaweka “basi”. Basi nini? Mvuvi asiye na mashine hupanda boti ya mwenziwe akala mgao wa baharia. Mumeo ameshuka cheo mbele ya wavuvi wenzake ili wewe upone, na hajakusimanga hata siku moja. Angekusimanga ungeniandikia.

Sasa huyo Mtaliano. Simsemi vibaya, kwao ndivyo walivyolelewa. Wanaume wa Kitaliano hupigana busu mashavuni wakikutana, kama vile hapa Lamu wanaume wawili marafiki wanavyotembea wameshikana mikono na hakuna anayegeuka kuwatazama. Kila watu na yao. Lakini usidhani kukumbatia hadharani ndiyo haki ya mke. Italia hiyo hiyo, sheria ilimweka mume kuwa mkubwa wa nyumba hadi 1975, na hadi 1981 mume aliyemfumania mkewe akamuua, akadai alilinda heshima, alipunguziwa kifungo. Wewe unamwona tajiri wako saa za kazi. Akiingia chumbani na mkewe hujui wanasemezana nini. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza. Mapenzi yamekuwa kitu cha kuonyeshwa watu. Mume asipoweka picha ya mkewe kwenye simu anaambiwa hampendi, na anayeweka kila siku nyumbani hapaachi hata unga. Wasichana wanaolewa wakitafuta maneno, wakiyapata wanagundua maneno hayalipi hospitali. Na hao dada zako wanaokusukuma kwa kadhi, ni nani kati yao mumewe aliuza kitu kwa ajili yake?

Sisemi kila mkimya ni mwema. Anayepiga, anayetukana, asiyelisha, huyo hana kimya cha kutetewa, nawe hukuandika hata moja katika hayo. Wala sisemi kulia si kazi ya mwanamume. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na sahaba alipostaajabu akamjibu kuwa hiyo ni rehema. Hilo ndilo lingefaa kumwambia mumeo mwaka juzi.

Mwambie sasa. Usiku akitoka, mfuate na dele la kahawa, simu uiache ndani. Mwombe radhi kwa lile neno la siku aliyozama mwenzake, ulitaje lenyewe, usizunguke. Kisha nyamaza naye. Usimtake alie, usimuulize kama anakupenda. Mzungumzie mamake, mavyaa wako, alivyopika, alivyocheka. Asipojibu usiku wa kwanza, toka tena usiku wa pili. Leso usiiguse.

Kwa kadhi usiende. Una mshahara, fungua akiba mwezi huu uanze kumrudishia mashine yake.