Hisa Zikipaa, Piga Hesabu Kwanza

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, soko la hisa Nairobi limewaka moto. Niuze hatifungani zangu niingie huko?"

Hatifungani ni karatasi ya kuikopesha serikali kwa riba. Swali lake limenirudisha Agosti 2021, nilipoitwa mwoga kwenye chama chetu. Safaricom, iliyouzwa kwa umma shilingi 5 mwaka 2008, ilikuwa inanusa 45, na kila mwanachama alikuwa na shemeji "wa ndani" aliyeapa itafika 60. Nikauza zangu. Mwekahazina akanicheka kwenye WhatsApp watu wote wakisoma, na mpaka leo hajafuta maneno yake.

Sikuwa na uganga wowote. Kampuni ilitangaza gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, la jumla ya shilingi 1.37 kwa hisa kwa mwaka ulioishia Machi 2021. Laki moja, kwa bei ya 44, inakupa hisa 2,272. Gawio lake ni kama shilingi 3,100, kodi bado haijakatwa. Laki iyo hiyo ukiikopesha serikali kwa hatifungani ya miundomsingi ya Septemba mwaka ule, unalipwa kama 12,700 kwa mwaka, kwa mafungu mawili, bila kodi. Basi anayenunua hisa kwa 44 anamngojea mtu wa kumpokea kwa bei kubwa zaidi. Kufikia mwisho wa 2023 bei ilikuwa imeporomoka chini ya 15. Nilinyamaza kwenye kundi, ingawa ulimi uliniwasha.

Msije mkadhani hatifungani nayo ni pepo. Februari 2024 serikali ilitoa mpya yenye riba ya asilimia 18.46. Nani tena angeitaka ya 12.7 kwa bei kamili? Waliobanwa na shida wakauza za 2021 kabla ya kuiva waliumia. Mimi yangu ya 2021 sikuuza, na fedha ziliendelea kuingia benki kila miezi sita.

Ndugu zangu, tuache pupa! Karo ya Januari haiendi kwenye karatasi ya miaka minane, wala haiendi kwenye hisa. Na wewe uliyeniandikia, usiuze ulichonacho. Riba zimeshuka tangu 2024, ukitoka hutaipata tena riba yako ya zamani. Ukipata fedha mpya, gawanya gawio kwa bei ya leo, linganisha na riba ya mnada wa mwisho wa hatifungani wa Benki Kuu, kisha muulize anayekushawishi zake alizinunua kwa bei gani.