CO2 kwenye tangi la mimea Arusha: usikimbizane na pH ya kwenye video

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa tangi lako la samaki na mimea la lita 60, CO2 (gesi inayolisha mimea) uipate kwa chupa ya hamira na sukari au ununue mtungi wa gesi kabisa. Pili, kwa nini pH (kipimo cha uasidi wa maji, ambacho hushuka CO2 ikiongezeka) imegoma kushuka hadi 6.6 kama wanavyoelekeza kwenye video. Naanza na hilo la pili, maana ndilo linaloua samaki.

Maji mengi ya huku kwetu yamepita kwenye miamba ya volkano ya Meru. Floridi yake tunaijua kwa meno yetu, ila kinachokuhusu wewe ni bikaboneti ya sodiamu: ipo ya kutosha, huku kalsiamu ikiwa haba. Bikaboneti ndiyo tunayoipima kama KH, na ndiyo inayoishikilia pH isishuke. Kwa maji ya KH 4, pH 6.6 maana yake una miligramu 30 hivi za CO2 kwa lita, kiwango ambacho wengi tunakilenga. Kwa maji ya KH 12, pH hiyohiyo ni miligramu 90. Samaki hawafiki jioni. Mwenye KH 12 anapata miligramu zake 30 akiwa kwenye pH 7.1, na anatakiwa aishie hapo.

Kwa hiyo achana na namba ya mtu wa nchi nyingine. Chota maji ya tangi, yaache kwenye kikombe usiku kucha gesi itoke, upime pH asubuhi. Ikisoma 8.1, ongeza gesi kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka tangi lisome 7.1 taa zikiwa zinawaka. pH kushuka kwa 1 nzima ni CO2 kuongezeka mara kumi, KH iwe yoyote.

Kile kikombe cha kioo kinachoning'inia ndani ya tangi (drop checker), chenye dawa ya kupimia pH inayobadilika rangi kufuata CO2, nacho kinasaidia: bluu gesi haitoshi, kijani sawa, njano imezidi. Kinachelewa saa moja hadi mbili, usikitegemee kwa dharura. Hiyo dawa usiichanganye na maji ya tangi, ichanganye na maji ya KH 4. Mimi huyatengeneza hivi: gramu 1.2 za soda ya kupikia kwenye lita moja ya maji ya betri, kisha nachukua mililita 100 za hayo na kuzijazia maji ya betri hadi lita moja. Soma lebo kabla ya kununua, kuna duka ukiomba maji ya betri unapewa asidi. Na soda iwe ile ya kuokea, si magadi ya Natron.

Sasa hamira. Vikombe viwili vya sukari, robo kijiko cha chai cha hamira na maji ya vuguvugu kwenye chupa ya soda ya lita 2, usiijaze mpaka shingoni. Mrija wa dripu kutoka duka la dawa unatosha. Kile kichupa chake cha kuonea matone ukikigeuza juu chini na kukitia maji nusu, unahesabia mapovu. Ila lile gurudumu la kubania ling'oe utupe: hamira haizimwi, ukibana chupa itapasuka. Weka na chupa ndogo ya maji katikati, ili povu la pombe lisiingie kwa samaki. Usiku washa pampu ya hewa, kwa sababu gizani mimea nayo inatoa CO2. Juni na Julai kwa baridi yetu mapovu yanasinzia, na mwani unapenda sana gesi inayopanda na kushuka.

Ndiyo maana kama hela ipo, nakushauri mtungi. Mtungi wa zimamoto wa CO2 unafaa, lakini una bomba ndani linalofika chini na hutoa kimiminika badala ya gesi, jambo litakaloua regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya gesi). Anayejaza mitungi alitoe yeye, usijaribu nyumbani. Nenda na regyuleta yako dukani uone nati zinakubaliana, na usilazimishe ya oksijeni ya mafundi wa kuchomelea. Mtungi usimame wima, ufungwe usianguke. Geji ya presha itasoma baa 57 hivi kwenye nyuzi 20 na haitashuka mpaka kimiminika kiishe, kwa hiyo ukitaka kujua kilichobaki, pima uzito.

Valvu ya umeme inayoruhusu gesi ya mtungi, ukiiendesha kwa taima, ifungue saa moja kabla ya taa kuwaka na ifunge saa moja kabla hazijazimwa. Umeme ukikatika inajifunga yenyewe, hilo zuri. Tatizo ni taima ya kuzungusha: umeme ukikaa saa tatu bila kurudi, nayo inabaki nyuma saa tatu, na gesi inaendelea usiku wakati hakuna mmea unaoitumia. Chukua ya kidijitali yenye betri ndani.

Ukikuta samaki wote wako juu wanahema, funga gesi, washa pampu ya hewa, badilisha theluthi ya maji. Kupima pH utapima baadaye.