Glasi ya wiski: anza na mdomo, bei baadaye

Mkuu, kwa nilivyokuelewa, shemeji yako amekuletea wiski ya Talisker ya miaka 10, chupa ya kwanza ya aina hiyo kuingia kwako, na dukani umeona seti ya glasi sita za kristali, pana, nzito, zenye michongo, kwa laki mbili na nusu. Unauliza ununue au uache. Nimesimama kaunta za hoteli miaka kumi na moja, Dar kisha Unguja, na nakwambia uache. Zile ni glasi za barafu. Chupa yako inataka glasi ya kunusia.

Talisker inatoka kisiwa cha Skye, Uskoti, na wanaoipenda wanaipendea moshi, chumvi ya bahari na pilipili manga inayobaki kooni. Sasa ulimi peke yake moshi hauujui. Unajua utamu, uchungu, chumvi, uchachu. Moshi, asali na ganda la chungwa vinakufikia kwa njia ya pua. Bana pua unywe, utanielewa. Kwenye glasi yenye mdomo mpana harufu zinapaa na kutawanyika kabla hujaileta usoni, nawe katika kuzitafuta unazamisha pua nzima ndani na kupokelewa na pombe. Unayoihitaji ina umbo la kibuyu: tumbo la kuizungushia wiski, kisha inabana kuelekea juu ili harufu ikusanyike pale pua inapofika.

Wachanganyaji wa wiski wa Uskoti walilijua hilo zamani. Walikuwa wakinusia kwenye copita, glasi ndogo ya mguu mrefu waliyoichukua kwa wanywaji wa sherry, mvinyo wa Jerez, Hispania. Ni nzuri sana, ila kwenye kaunta yenye pilika mguu ule unavunjika. Raymond Davidson, mwenye kiwanda cha glasi cha Glencairn hukohuko Uskoti, akaja na glasi ya tumbo kama lile, akaondoa mguu mrefu na kuweka kitako kifupi kinene. Ilitoka 2001, na leo ndiyo utakayoikuta kwenye viwanda vingi vya wiski. Ukiijaza hadi juu inachukua kama 190 ml, lakini hujazi. Unaishia pale tumbo lilipo pana zaidi, kama 35 ml. Toti yetu ya 30 ml inakaa vizuri kabisa.

Usiniamini mimi. Nyumbani nilimimina toti moja moja ya wiski ya moshi kwenye glasi mbili, ya Glencairn na ile pana ya barafu, nikazifunika kwa visosi dakika kumi, nikamwita mke wangu. Yeye hanywi hata tone, ila ni mtu wa Tanga, pua yake imekulia kwenye udi na karafuu. Alifumba macho, nikamsogezea ile pana. Akarudisha kichwa nyuma: "Spiriti ya sindano." Nikamsogezea ya pili. Akanyamaza, akanusa tena, akasema: "Mtu anachoma vifuu, halafu kuna kitu kama ndizi mbivu." Chupa ilikuwa moja. Tangu siku hiyo mteja akisema wiski zote zinanuka pombe tu, kwanza natazama ameshika nini.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni usafi na kabati. Hoteli moja niliyofanya kazi, mteja alirudisha glasi mara mbili akisema wiski ina harufu ya rangi. Tukalaumu chupa, tukafungua nyingine, ikawa vilevile. Kumbe glasi tulikuwa tunazifudikiza kwenye kabati lililopakwa vanishi wiki ile, na hewa yake yote ilifungiwa ndani ya tumbo la glasi. Kwa hiyo zako zisimamishe wima, zioshe kwa maji ya moto na sabuni kidogo sana isiyo na marashi, suuza mara tatu, ziache zikauke zenyewe. Kitambaa cha jikoni kinabeba harufu ya kitunguu. Na kabla ya kumimina, nusa glasi tupu.

Maji pia yana nafasi yake. Talisker 10 ina asilimia 45.8 ya pombe. Ukitia kijiko kimoja cha chai cha maji kwenye toti ya 30 ml inashuka hadi kama 39, ukali unapungua na harufu zinafunguka. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, Karlsson na Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba guayakoli, moja ya chembe zinazoipa wiski ladha ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji pombe inapokuwa imepunguzwa kwa maji, na huzama pombe inapokuwa kali sana. Na kwa joto letu la pwani shika glasi kwenye kitako. Ukiikumbatia kiganjani, pombe inachemkia puani.

Zile pana nazo zina siku yake. Ukitaka barafu, au kuponda sukari chini, zinafaa kuliko zote. Soda na barafu nyingi itafutie glasi ndefu nyembamba. Kibilauri cha kugugumia toti mara moja, hapana, si kwa chupa hii. Na lile glasi kubwa la brandi linaloonekana la kifalme linakusanya pombe kuliko harufu. Mimi siliwekei wiski.

Kuhusu kristali, muulize muuzaji kama ina madini ya risasi. Ya kizamani huwa nayo. Kunywea jioni moja si tatizo, ila usihifadhi wiski miezi na miezi kwenye chupa ya kristali ya aina hiyo, risasi inaingia kwenye kinywaji.

Tafuta Glencairn mbili, yako na ya shemeji. Ukizikosa, chukua glasi ndogo ya mvinyo inayobana juu, naamini unayo ndani. Mimina, funika dakika kumi, halafu urudi hapa uniambie pua imesikia nini.