Kilo tatu miezi sita? Kaka usimsikilize mama mkwe, mimi yalinikuta

Nimeona umesema mkeo ana mimba ya miezi 6, kaongeza kilo 3 tu, na mama mkwe anasema afadhali, mtoto asije akawa mkubwa mkeo akapasuliwa. Kaka hayo maneno niliambiwa mimi Njombe kwenye mimba ya kwanza na nikayafuata, nilianza na kilo 46 na urefu wangu mita 1.60, yaani nilikuwa mwembamba hata kabla ya mimba, nikamaliza na 51. Mtoto katoka na kilo 2.2 na miezi 9 imetimia kabisa, wakaniambia ni uzito pungufu kwa sababu haukufika 2.5, wiki tatu namshindia kifuani kama kangaruu. Mwembamba kama mimi ilitakiwa niongeze kuanzia kilo 12 na nusu mpaka 18, mwenye mwili wa kawaida 11 na nusu mpaka 16, mnene ndo chini ya hapo. Hakuna nesi aliyenieleza, ni kupanda mzani, anaandika kwenye kadi, haya mwingine.

Na si kwamba njaa ilikuwepo! Huku kwetu mahindi yamejaa hadi yanaliwa na panya, ila Njombe, Iringa na Rukwa ndo tunaongoza kwa udumavu wa watoto (mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake), cheki takwimu za 2022. Nilikuwa nashiba ugali wa sembe na chainizi, mayai yanaenda gulioni, parachichi zinapakiwa kwenye makreti mimi naangalia tu, halafu jembe mpaka mimba ina miezi minane. Mayai nilikatazwa pia eti mtoto atazaliwa kipara (wa kwangu kazaliwa na kipara hivyo hivyo bila yai hata moja 😂).

Kingine vidonge vya damu, FEFO, yaani madini ya chuma na foliki. Vilinipa kichefuchefu na choo cheusi nikaogopa nikawa navificha chini ya godoro, kipimo cha damu (hemoglobini) kikashuka mpaka gramu 8.7 kwa desilita wakati mjamzito anatakiwa asiwe chini ya 11. Mimba ya pili nesi mmoja mtu mzima ndo akanifungua macho, kumbe choo cheusi ni kawaida, na nilikuwa navinywea na chai ya rangi ambayo inazuia hayo madini ya chuma yasiingie mwilini. Nikahamishia usiku, na chungwa. Kula udongo nako nikaacha, japo kwa shida maana ile harufu ya mvua ya kwanza we acha tu.

Chakula sikubadili sana, dona badala ya sembe, dagaa au maharage kila siku, yai, uji natia karanga za kusaga, na mume wangu akachukua jembe. Nikatoka kilo 47 mpaka 59, mtoto kilo 3.1, nimejifungua kawaida wala sikupasuliwa.

Sasa wewe tuambie mkeo alianza na kilo ngapi na urefu gani, hizo 3 peke yake hazitoshi kujua. Na kliniki msisubiri tarehe ya kwenye kadi, mpeleke wiki hii wampime na damu. Kama anavimba miguu na uso au kichwa kinamuuma sana, usingoje hata kesho.