Mizizi ikifika maabara: maswali na majibu

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: dawa ya miti shamba ikishapimwa, tuiamini kiasi gani? Nimeanza na swali la mzee mmoja kwa sababu majibu mengine yote yanategemea hilo.

Swali (Kawangware): Daktari, habari. Marehemu baba aliniachia dawa ya mizizi ya kutibu vidonda na kuhara. Kijana mmoja wa chuo kikuu aliichukua akaipima, akaniambia inaua bakteria. Naweza kuandika kwenye chupa kwamba imethibitishwa na maabara?

Jibu: Bado, mzee wangu. Kazi ya huyo kijana si bure, lakini tuangalie alichokipima hasa.

Mizizi hukaushwa kivulini, ikasagwa, ikalowekwa kwenye maji au methanoli (aina ya spiriti) na kuchujwa. Kimiminika hukaushwa mpaka yabaki mabaki mazito ya kunata. Mabaki hayo yakishayeyushwa upya, hudondoshewa kijikaratasi cha duara chenye upana wa milimita 6, nacho huwekwa kwenye sahani ya jeli iliyopakwa bakteria. Sahani hulala kwenye joto la nyuzi 37 hadi kesho yake. Ukiifungua asubuhi unakuta bakteria wameota na kuifunika jeli yote, isipokuwa pale penye kijikaratasi: pembeni yake kuna duara safi. Unachukua rula, unapima milimita. Kila anayefanya kazi hii hufurahi akiliona duara hilo, nami pia.

Lakini hata Jik ungeitia kwenye kijikaratasi kile ungepata duara, na hakuna anayekunywa Jik. Sahani haina tumbo la kuikatakata dawa, haina ini la kuivunja wala figo za kuumia. Pengine kiasi kilichoua bakteria pale ni kikubwa kuliko kinachoweza kufika kwenye damu hata mtu akinywa ndoo nzima. Ndiyo maana baada ya sahani kuna kazi nyingine: kuijaribu dawa kwenye seli hai kuona kama inaziua nazo, kisha kwenye panya, halafu kwa watu wachache wenye afya, na mwisho kwa wagonjwa wengi wakilinganishwa na wanaopata dawa iliyozoeleka. Dawa nyingi huangukia njiani.

Muulize kijana mambo matatu. Je, kijikaratasi chenye methanoli tupu kilitoa duara? Kama kilitoa, majibu yake hayana maana. Duara la dawa yako lilikuwa na ukubwa gani likilinganishwa na la antibiotiki? Na je, alipeleka tawi la mmea kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea iliyokaushwa pale Makumbusho ya Taifa, likatambuliwa na kuhifadhiwa? Bila tawi hilo hakuna atakayeweza kurudia kazi yake kwa uhakika. Omba nakala ya majibu. Dawa ni ya kwenu, una haki ya kuyaona.

Kuhusu chupa, dawa ya miti shamba inayouzwa madukani husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Anzia huko. Na mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki na apelekwe kliniki, hata kama dawa ya babu ipo mezani.

Swali (Githurai 45): Nasikia dawa ya malaria ya hospitali imetoka kwenye pakanga. Mbona basi nisichemshe pakanga yangu nyumbani nikaokoa pesa?

Jibu: Ni kweli, mama, imetoka huko. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Kikosi chake kilipojaribu mmea huo mwanzoni, matokeo yalikuwa ya kusuasua. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akakuta mgonjwa anaagizwa kuloweka majani kwenye maji, kuyakamua na kunywa. Hakuna mahali palipotajwa kuchemsha. Akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwa nyuzi 35 tu. Mwaka 1971 dawa aliyokamua kwa njia hiyo iliwaponya panya wote waliokuwa na malaria, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa kwanza wao wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa.

Sasa sufuria yako. Artemisinini, yaani dawa yenyewe iliyomo ndani ya mmea, haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake hubadilika kutoka shamba hadi shamba. Tena jina pakanga hubeba mimea zaidi ya mmoja: ule wa China ni Artemisia annua, wakati Artemisia afra inayoota kwenye milima yetu ina artemisinini kidogo mno au haina kabisa. Ukinywa dozi pungufu, homa inaweza kutulia siku mbili huku vimelea vikibaki kwenye damu, na vile vinavyobaki ndivyo vinavyojifunza kuishinda dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kwa malaria. Pima damu, umeze AL, ile dawa ya malaria ya hospitali, na umalize dozi. Kwa mtoto mdogo au mama mjamzito, tafadhali usijaribu kabisa.

Swali (Kangemi): Nikipeleka dawa ya ukoo KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, si wataniibia?

Jibu: Hofu yako ina msingi. Wasan wa kusini mwa Afrika walitafuna mmea wa hoodia tangu zamani ili kuzuia njaa. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini iliichukulia hataza (haki ya kisheria ya kuimiliki) miaka ya 1990 bila kuwauliza, na mkataba wa kugawana mapato haukutiwa saini hadi mwaka 2003. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, na imo kwenye Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana manufaa ya mimea na viumbe vingine. KEMRI wana kituo kinachoshughulikia hasa dawa za kienyeji. Nenda, lakini kabla ya kutaja mmea wenyewe dai makubaliano ya maandishi: nani anamiliki nini, nani atatajwa, na mapato yakija yatagawanywaje. Uende na mtu wa ukoo awe shahidi.

Swali (Umoja): Nina sukari. Karela si dawa ya asili tu, ina ubaya gani?

Jibu: Karela, lile tunda chungu, inaweza kushusha sukari kweli, na hapo ndipo penye hatari. Ukiichanganya na insulini au vidonge vya sukari kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Mwambie daktari wako kila unachokunywa, na usiache vidonge.

Swali (Kayole): Nilinunua unga wa miti shamba wa kutibu maumivu ya viungo vya mwili kwenye matatu. Maumivu yaliisha usiku uleule! Mbona hospitali hawana dawa kama hiyo?

Jibu: Wanayo, na huenda ndiyo uliyokula. Katika nchi nyingi, maabara zimekuta deksamethasoni au diklofenaki, dawa za hospitali za kutuliza uvimbe na maumivu, ndani ya unga unaouzwa kama miti mitupu. Kama umeutumia kwa wiki kadhaa na uso umeanza kuvimba, usiukatize ghafla. Mwili unaweza kushtuka vibaya. Nenda hospitali ukiwa na pakiti mkononi.

Swali (Dagoretti): Mti wetu wa dawa, muthiga, umebanduliwa magome mpaka unakauka. Majani yanaweza kufanya kazi ileile?

Jibu: Swali zuri sana, na watafiti nao wanalifuatilia, kwa sababu majani huota tena lakini mti uliovuliwa gome pande zote hufa. Gome lina viambata vikali, kimojawapo kikiitwa warburganali kutokana na jina la mti wenyewe, Warburgia. Usidhani jani lina kiasi kilekile, hilo hupimwa jani kwa jani. Kwa sasa mbandue upande mmoja tu, kipande chembamba, na mwaka unaofuata mtafute mti mwingine. Ulizeni mbegu KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu pale Muguga, kabla ya mvua za Machi.