Anzia na kiharusi cha babu

Mdogo wangu wa Wete, umesema tangu babu apate kiharusi anakuelewa vizuri lakini neno halimtoki, nawe unauliza uanzie tawi gani la saikolojia ya kibiolojia. Anzia nyurosaikolojia, yaani ubongo na tabia. Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeweza kutamka "tan" tu. Mgonjwa huyo alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika mbele, upande wa kushoto. Upande huohuo ndio unaoendesha mkono wa kulia, kwa hiyo mwangalie babu anavyoshika kikombe. Saikofamakolojia, yaani dawa na tabia, na saikofiziolojia ya mapigo ya moyo na mawimbi ya ubongo utazisoma baadaye. Na tafadhali, wanaosema babu kapungukiwa akili usiwakubalie. Muulize maswali mafupi, umpe muda ajibu, hata kwa kichwa.